Tulitoa Shukrani Figo Haijatoka

Maneno yale niliyapata kazini, kwenye kukunja mashuka.

Waliowahi kufanya kazi kwa dobi wa mahoteli watanielewa. Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja. Unashika pembe mbili, mwenzako anashika pembe mbili, mnalivuta likanyooka, kisha mnasogeleana mpaka vidole vinagusana. Hapo mnapogusana ndipo umbea unapopita. Mkiachana mnanyamaza kama watu wa maana, kwa sababu msimamizi yuko kwenye korido.

Mwenzangu wa mashuka tunamwita Redio. Hahitaji umeme wala betri.

"Shoga, nikwambie?" akaniuliza tulipogusana.

"Nikisema hapana utaacha?"

Tukaachana, tukachukua shuka jingine, tukalivuta. Tuliposogeleana tena akamalizia:

"Kanisani kwenu wanasema mtoto wako haponi kwa sababu wewe huna shukrani."

Shuka likaniponyoka likaanguka sakafuni. "Nani kasema?"

"Mimi sitaji watu. Ila ni akina mama wa kwaya, yule anayepamba maua, na mwenyekiti wenu. Eti Jumapili ya Shukrani watu wote wanasimama, wewe umekaa umekumbatia mkoba. Mungu akitaka kumponya mtoto, akikutazama usoni anaghairi."

Wewe uliyenikuta njiani, nikupe habari kwa ufupi ili twende pamoja. Mwanangu wa pekee tunamwita Chiriku, maana tangu ajue kusema hajapumzika. Alikuwa akijifunza ususi alipoanza kuvimba uso. Tukadhani ananenepa. Tukafurahi, tena tukamsifia. Kumbe figo zake zote mbili zilikuwa zinakufa. Sasa anaishi kwa mashine ya kusafisha damu. Mimi nilitaka kumpa figo yangu, nikakataliwa kwa sababu ya presha. Baba yake akakataliwa kwa sababu ya sukari. Ndipo mdogo wangu wa kiume, fundi makochi, ambaye kanisa zima linamwita Besi kwa ile sauti yake ya chini, akasimama sebuleni kwangu akajipiga kifua: "Figo ninazo mbili. Moja ni ya mpwa wangu." Mara ya mwisho niliwaacha ninyi wasomaji hapo, tukimshangilia na kumfuta machozi. Yeye ndiye aliyelia kuliko mgonjwa.

Sasa kuhusu kukaa kwangu kanisani. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalala. Mtu aliyetoka kumpeleka mgonjwa mashineni, akaenda kazini, akarudi kufua za nyumbani, ukimpa benchi lenye mgongo na mchungaji mwenye sauti laini, atasinzia tu. Sikukataa kushukuru. Sikujua kama wimbo umeanza.

Lakini maneno yale yakanikaa. Nikiosha vyombo, yapo. Nikimkanda Chiriku miguu, yapo. Nikaanza kujipeleleza mwenyewe kama askari. Ni kweli nikipiga magoti sisemi asante. Nasema figo, Bwana, figo, figo, kama mtoto anayelilia peremende dukani. Labda Mungu naye amechoka na mimi. Labda kweli uso wangu unamkatisha tamaa.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wa akina mama. Sebule yake ina makochi yaliyofunikwa vitambaa, na vitambaa vimefunikwa nailoni. Ukikaa unateleza. Nikateleza, nikamweleza.

"Tatizo lako umeomba mno," akasema. "Sasa acha kuomba. Shukuru."

"Nishukuru kwa lipi? Figo bado iko ndani ya Besi."

"Hapo ndipo imani ilipo, Mama Chiriku. Unashukuru kama aliyekwisha kupokea. Ukishamshukuru mbele ya watu wote, unadhani atarudi nyuma? Atapita wapi?"

"Kwa hiyo tunamtega."

"Mama Chiriku! Mungu hategwi. Anawekwa kwenye nafasi ya kutenda."

Mpaka leo sijaona tofauti.

Akanipangia kila kitu. Akina mama watavaa sare ya njano. Ugonjwa hautatajwa madhabahuni, maana ukiutaja umeukaribisha kiti. Mashine haitatajwa. Hospitali haitatajwa. Na Chiriku avae mikono mirefu.

"Mikono mirefu kwa joto hili?"

"Ule uvimbe wa mkononi unavunja ushuhuda," akasema, akanisindikiza mlangoni.

Mkono wa kushoto wa Chiriku una mshipa waliomtengenezea madaktari ili sindano za mashine zipate pa kupita. Umetuna chini ya ngozi, na ukiuwekea kidole unatetema. Mwenyewe husema simu yake ameiweka kwenye mtetemo. Mungu anapiga, yeye hapokei.

Nilipompelekea gauni la mikono mirefu akalitazama kisha akanitazama mimi.

"Mama, tunashukuru kwa nini?"

"Kwa uponyaji."

"Wa nani?"

"Wako."

"Mbona mimi sijaalikwa?"

"Chiriku, nisaidie. Watu wanasema mama yako hana shukrani."

Akanyamaza. Chiriku akinyamaza, jua ameumia. Kisha akavaa gauni. Alilivaa kwa ajili yangu. Hilo nalisema wazi ili mjue tangu mwanzo nani alikuwa akimbeba mwenzake.

Jumapili ya Shukrani nyingine ikafika. Safari hii sikulala. Nilisimama mbele kwenye sare ya njano kama taa ya barabarani, na Chiriku kwenye kiti pembeni yangu. Mwenyekiti akashika kipaza sauti akanieleza vizuri kuliko ninavyojijua. Kwamba nilikuwa gizani, kwamba moyo wangu ulikuwa mgumu, kwamba leo nimekuja kumrudishia Mungu utukufu. Nikaitikia amina. Nikaitikia hata pale aliponitukana.

Kisha Chiriku akapewa kipaza sauti. Akasema kitu kimoja tu: "Namshukuru Mungu kwa kuwa niko hapa."

Basi. Wala hakusema amepona. Lakini vigelegele vilipasuka, ngoma zikalia, mama mmoja akavua viatu akaruka, na Mchungaji, ambaye ni mtu mpole asiyeweza kuona watu wanafurahi akawaharibia, akainua mikono akasema: "Amepona!"

Kanisa likajibu: "Amepona!"

Nami nikasema amepona. Niliisikia sauti yangu ikisema.

Kwaya ikaingia, na chini kabisa ya kwaya ile sauti ya mdogo wangu ikitetemesha mabenchi. Aliimba huku amefumba macho, jasho linamtiririka. Nikasema moyoni, tazama mtu anayejiandaa kutoa figo.

Baada ya ibada kulikuwa na keki na soda. Chiriku hakunywa, kwa sababu mgonjwa wa mashine hupimiwa kila tone la kinywaji. Mama wa maua akamlazimisha: "Kunywa, mwanangu, si umepona?" Wenzake wakacheka. Chiriku akanywa.

Wiki hiyo hiyo hospitali ikanipigia. Daktari wa figo aliniambia nikae kwanza. Nikakaa juu ya rundo la taulo.

"Mama, mtoaji wenu hayupo tena kwenye mpango."

"Amekufa?"

"Hapana, hajafa. Hayupo kwenye mpango tu."

"Kwa nini?"

"Hiyo ni siri ya mtoaji. Haturuhusiwi kuisema. Muulizeni mwenyewe. Sisi tunaendelea na mashine, na tunaomba mtafute ndugu mwingine."

Ndugu mwingine! Kama vile nina ghala la ndugu.

Nilitoka kazini na aproni yangu mpaka karakana ya Besi. Nilimkuta amepiga magoti nyuma ya kochi, misumari midogo imejaa mdomoni, anapigilia kitambaa. Fundi makochi hushika misumari kwa midomo ili mikono ibaki huru. Siku hiyo ilimfaa sana, maana mwenye misumari mdomoni hawezi kujibu haraka.

"Besi, hospitali wamenipigia."

Akapigilia msumari.

"Wanasema umejitoa."

Akapigilia mwingine.

"Tema hiyo misumari nikusikie, mtoto wa mama yangu!"

Akaitema kiganjani, mmoja mmoja, huku ananitazama magotini. "Dada, kwani Jumapili tulifanya nini?"

"Tulishukuru."

"Tulisema nini?"

"Tulisema amepona."

"Sasa nikienda kupasuliwa si nitakuwa namwambia Mungu ni mwongo? Mbele ya kanisa zima? Mimi ni mwanakwaya, dada. Lazima nisimame na neno nililoimba."

"Unaogopa kisu."

"Siogopi."

"Besi, wewe ulizimia siku ya kutolewa damu kidogo ya kupima. Jitu zima lenye shingo kama gogo! Manesi watatu walikubeba wakakulaza kwenye kitanda cha watoto, miguu inaning'inia!"

"Siku hiyo sikuwa nimekula."

"Ulikuwa umekula kwangu! Na ukaomba nyongeza!"

Akarudisha misumari mdomoni. Maana yake mazungumzo yamekwisha.

Jamani, nimeona imani za kila aina. Ya wakati wa mitihani, ya kabla ya harusi, ya wakati gari linapoacha njia. Lakini imani ya mdogo wangu ilinishangaza, maana iliota jioni ikakomaa asubuhi, na ikakua kwa kadiri kisu kilivyosogea. Nilimsema njia nzima. Nilimsema peke yangu barabarani, watu wakanipisha.

Nikarudi kwa Mwenyekiti. Nikateleza tena kwenye nailoni.

"Msemeshe Besi," nikamwambia. "Wewe anakuheshimu. Mwambie Mungu anaponya na kwa figo pia."

Akanikunjia uso kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi. "Unaona sasa? Umeshaanza kushuka. Ukienda kumwomba figo, umemwambia Mungu kwamba shukrani ile ilikuwa maigizo."

"Mtoto wangu anavimba miguu, Mwenyekiti."

"Hizo ni dalili za uongo. Usizipokee."

"Na lile jino lako la mwaka jana? Mbona shavu lilipovimba hukusema ni dalili za uongo? Si ulikwenda ukang'olewa, ukarudi na pamba mdomoni, kikao kizima tukakuelewa kwa ishara?"

Uso ukambadilika. "Jino ni jino, Mama Chiriku."

"Basi na figo ni figo."

Hakunisindikiza mlangoni.

Niliporudi nyumbani nilidhani nimemaliza kupigwa. Kumbe lililo kubwa lilikuwa linanisubiri chumbani.

Ilikuwa siku ya mashine. Baba Chiriku, fundi bomba, mtu ambaye maneno yake hayajai kijiko, alikuwa amesimama mlangoni kwa mtoto, ameshika viatu vyake, kimoja mkono huu na kingine mkono ule. Chiriku amelala amegeukia ukuta.

"Anasema haendi," mume wangu akasema.

"Haendi wapi?"

"Mashineni."

Nikaketi kitandani. "Mwanangu, unaumwa wapi?"

"Siumwi. Nimepona."

"Usinitanie leo."

"Mimi nakutania?" Akageuka. Uso ulikuwa umeanza kujaa chini ya macho. "Mama, nimesikia yote. Mjomba hatoi figo kwa sababu nimepona. Akina mama hawaji tena kukaa na mimi kwenye mashine kwa sababu nimepona. Yule dada wa kwaya aliyekuwa anatupa lifti amesema kunipeleka tena ni kuonyesha shaka. Kanisa zima linajua nimepona. Aliyebaki hajui ni mimi na hii miguu."

"Watu wanasema tu."

"Watu? Wewe ulisema. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nilikusikia."

Baba yake akahamisha viatu, cha kulia akakipeleka kushoto.

"Sasa chagua, mama. Kama nimepona, mashine ya nini? Kama sijapona, simama palepale uliposimama, useme kwa sauti ileile. Mimi nimechoka kuwa mgonjwa hospitali na mzima kanisani. Mwili ni mmoja."

"Chiriku, nikisimama kusema hivyo wataniona nimemkana Mungu."

"Na usiposimama watanizika nikiwa nimepona."

Mume wangu akaviweka viatu chini taratibu, akatoka nje. Nilimsikia akifungua bomba la uani na kuyaacha maji yatiririke, yeye ambaye hugombana na kila mtu kwa tone moja.

Siku hiyo hakwenda mashineni. Nilibembeleza, nikalia, nikatishia kumpigia daktari. Nikampigia. Daktari akasema mgonjwa ni mtu mzima, mleteni haraka, kila siku inayopita sumu inajaa. Nikamweleza Chiriku. Akasema: "Mwambie Jumapili, ukishasimama." Siku ya mashine iliyofuata nayo hakwenda. Miguu ikajaa mpaka kidole kikibonyeza kinaacha shimo. Akawa halali chali, anakaa ameegemea mito, anapumua kwa kuhesabu. Na mdomo wake ule usiopumzika ukaanza kuchoka. Hilo ndilo lililonitisha kuliko uvimbe.

Jumapili hiyo haikuwa ya Shukrani. Hakukuwa na nafasi ya ushuhuda. Kwa hiyo nikasubiri matangazo.

Mzee wa matangazo alisema funguo zimeokotwa chooni, zina kidoli chekundu. Alisema mazoezi ya kwaya yameahirishwa. Alisema anayeegesha pikipiki mlangoni aache. Kisha akauliza kwa mazoea tu: "Kuna tangazo lingine?"

Nikasimama. "Lipo."

Nikatembea mpaka mbele. Nikashika kile kipaza sauti.

"Nina tangazo. Mwanangu hajapona."

Hapo Mwenyekiti alifanya kile akina mama wetu hufanya mtu akikosea madhabahuni: akainua pambio. Ukisema jambo lisilotakiwa, wanakuimbia juu yako mpaka unakaa. Safu ya kwanza ikapokea, tari ikapigwa, mama wa maua akaanza kupiga makofi. Nikaongea, sauti yangu ikazama. Nikapaza, ikazama.

Nikatazama nyuma. Chiriku alikuwa kwenye benchi la mwisho, ameegemea bega la baba yake, mdomo wazi akivuta hewa. Amevaa mikono mifupi.

Nikapiga kelele ndani ya kipaza sauti mpaka spika zikalia mluzi. Watu wakaziba masikio. Pambio likakatika.

"Hajapona! Figo zake zimekufa. Hawezi kukojoa. Anakaa kwa mashine, na sasa hajaenda mashineni kwa sababu yangu, kwa sababu nilisimama hapa kwenye nguo ya njano nikasema jambo ambalo Mungu hakuniambia. Sikulisema kwa imani. Nililisema kwa sababu niliogopa midomo yenu."

"Mama Chiriku, kaa," Mwenyekiti akanong'ona kwa meno.

"Mwacheni aseme," akasema Mchungaji.

Nikageuka kumtazama. Alikuwa amesimama, ameshika Biblia yake kama mtu aliyeshikilia mlango.

"Mnasema sina shukrani," nikaendelea. "Ninazo. Namshukuru Mungu kwa ile mashine. Namshukuru kwa nesi mwenye mkono mwepesi, anayepata mshipa mara moja. Namshukuru kwa kila asubuhi mtoto huyu anapoamka akanikejeli, maana najua yupo. Hizo ndizo shukrani zangu, na ni za kweli, kila moja nimeigusa. Lakini kwa uponyaji sijashukuru, kwa sababu sijauona. Nikiuona nitakuja kupasua paa hili. Kwa sasa bado naomba. Tena naomba figo, kwa jina lake, figo. Asiyeweza kunisaidia kuomba, asinisaidie kudanganya."

Nikarudisha kipaza sauti. Hakuna aliyesema amina. Kisha Mchungaji akasema taratibu, kama anajisemea: "Na mimi nilisema amepona. Nilisikia vigelegele nikalisema." Akakaa chini. Sijawahi kumwona mchungaji akikaa chini katikati ya ibada.

Nyuma kabisa Chiriku akamgusa baba yake bega. "Twende," akasema. "Kabla hawajaanza tena kuimba."

Hospitali walimpokea kama dharura. Nesi mwenye mkono mwepesi alimsema Chiriku kwa hasira huku anamchoma sindano, akamwita kila jina, mtoto mjinga, kichwa kigumu, unataka kuniharibia jina langu hapa. Damu ikaanza kuzunguka kwenye mipira. Baada ya muda Chiriku akafungua jicho moja.

"Mama, ulisema siwezi kukojoa. Mbele ya kanisa zima. Mbele ya vijana wa kwaya."

"Ulitaka niseme kwa sauti."

"Si kwa ufafanuzi!"

Nikacheka nikalia. Nikatoka kwenye korido nimalizie huko.

Na huko kwenye korido nikamkuta Besi, amesimama karibu na mizani ya kupimia wagonjwa, bado amevaa joho la kwaya. Amekuja mbio, kifua kinapanda na kushuka. Nikasema, neno limemchoma, amekuja kurudisha figo yetu. Nikaanza kuandaa msamaha, na karibu yake nikaandaa maneno ya kumsuta kidogo kabla ya msamaha.

"Umekuja," nikasema.

"Nimekuja kukwambia usinisubiri."

"Besi, usianze."

"Dada, nisikilize. Sikujitoa." Akashusha ile sauti yake mpaka ikawa chini ya besi. "Walinitoa wao. Siku chache kabla ya ile shukrani yenu. Picha ya mwisho waliyonipiga, wameona kitu kwenye figo yangu. Uvimbe. Hawakusema ni nini. Walisema nirudi haraka wakipime. Nikawaomba wasikwambie, nitakwambia mwenyewe."

Nikashika ile mizani. "Na ulirudi?"

"Sijarudi."

"Mkeo anajua?"

"Usimwambie."

"Na yale maneno ya kusimama na neno? Na misumari?"

Akavuta mkono wa joho akajifuta jasho.

"Nilisimama kwenye kwaya nikawaona mnasema amepona, amepona. Nikasema, kama leo uponyaji unagawiwa hapa, na mimi nijibanze nipate kidogo. Nikaimba kwa nguvu zote, dada. Wewe hukunisikia?"

Nilimsikia. Niliyasikia mabenchi yakitetemeka, na nikaelewa vingine kabisa.

Mlango wa chumba cha mashine ukafunguka. Nesi akaniita: mgonjwa anakutaka. Nikamwambia Besi: "Kaa hapo hapo. Usitembee hata hatua. Nikitoka tunaingia kwa daktari, mimi na wewe." Akaitikia kwa kichwa.

Niliporudi, joho la kwaya lilikuwa limetundikwa kwenye mizani. Yeye hayupo.

Mama mwenzangu unayenisoma, nimeandika haya upate kujihadhari. Yaepuke yafuatayo:

Usisimame kushukuru kwa jambo ambalo hujaliona kwa sababu tu umesemwa.

Usimfunike mgonjwa mikono ili ushuhuda upendeze.

Usimnyweshe wala kumlisha mgonjwa wa figo kwa sababu ya sherehe. Muulize nesi wake.

Usikubali mtu akuambie kwenda hospitali ni shaka. Muulize yeye jino lake aling'olewa na nani.

Usiruhusu mgonjwa akose mashine, iwe kwa aibu yako, kwa hasira yake, au kwa ibada ya mtu yeyote.

Usimcheke anayeogopa kabla hujajua anaogopa nini.

Na ndugu yako akikwambia anamwachia Mungu, usigombane naye kama nilivyogombana mimi. Mshike mkono, shukuruni pamoja, kisha mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake kwenye korido. Nimempigia wangu tangu tulipotoka hospitali. Karakana imefungwa. Mkewe ananiuliza mimi yuko wapi, na simu yake inaita tu.